Mstari Aliouruka Baba

Saa mbili usiku, nyumbani kwetu Kibosho,
mama hakuuliza nani kachoka.
Alizima redio, akafunika sufuria ya ndizi,
akatoa rozari yenye punje moja ya buni
pale ilipodondoka shanga, kumi la tatu.
Aliyeongoza kumi hilo aliinusa kwa siri.

Sikuwa mcha Mungu. Niseme kweli.
Nilihesabu Salamu Maria
kama ngazi za kushukia usingizini.
Thadei alisinzia, paji likigonga kochi,
mbuzi akapiga chafya nyuma ya ukuta,
tukacheka ndani ya mashavu
na mama akapandisha sauti: utuombee.

Lakini mwaka ule wa mpaka nilianza kusikiliza.
Baba na mdogo wake, ba'mdogo Prisko,
waligombea hatua mbili za kihamba.
Hatua mbili, migomba minne,
na mkahawa mmoja mzee usiozaa.
Walifikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji.
Jumapili walikaa benchi za pande mbili,
na padre aliposema mtakiane amani
kila mmoja alimpa mkono mtoto wa jirani.

Nyumbani, kila tulipofika kwenye Baba Yetu,
sauti ya baba, nzito kama gunia linaloburutwa,
ilitembea nasi mpaka mkate wetu wa kila siku,
kisha ikakatika.
Utusamehe makosa yetu tuliisema sisi,
pungufu kwa sauti moja,
naye akatungoja ng'ambo, kwenye kishawishi.
Hakutaka kumdanganya Mungu, baba yangu.
Aliuruka tu, kama mtu arukavyo mfereji.

Mara sita kwa usiku.
Mama hakumwambia neno.
Ila alipofika pale alipunguza mwendo,
kama mtu aliyeuacha mlango wazi
akijua kuna mwenzake yu nyuma.

Ikaja Ijumaa ya masika, matendo ya uchungu.
Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana.
Kumi la nne, mstari uleule,
Thadei, aliyekuwa ameanza tu mafundisho,
akasema bila kufumbua macho:
"Baba, hapo huwa unasahau. Nikufundishe?"

Mvua ikapiga bati.
Baba akainuka. Tukajua ni kiboko.
Akachukua panga nyuma ya mlango,
akatoka bila koti.

"Endeleeni," mama alisema, sauti nyembamba.
Tukamaliza la nne, tukamaliza la tano,
tukasali litania, tukairudia litania,
nami nikimsihi kila aliyetajwa
panga lile liwe la kitu kingine.
Nadhani hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza.

Aliporudi maji yalimtiririka hadi sakafuni.
Nyuma yake ba'mdogo, miguu peku,
ameshika jani la isale
lililokatwa kwenye masale yaleyale ya mpaka.
Hakuna aliyehutubia.
Mama alisogeza kigoda,
akairudisha rozari nyuma, shanga kwa shanga.
"Tulikuwa hapa," akasema.

Baba akaanza. Akafika pale, akakwama, akakohoa.
Ba'mdogo akamwazima neno la kwanza.

Wiki iliyofuata waligombana tena, safari hii juu ya mbuzi.
Lakini mstari ulisemwa,
usiku mwingine kwa kunung'unika, ila ulisemwa.

Sasa naishi Pasua, mjini, na wanangu wanasinzia
kama tulivyosinzia sisi.
Rozari ninayo. Buni imeshapoteza harufu.
Kuna jina ambalo sijalitamka tangu mwaka juzi,
na nikifika pale, baada ya mkate,
nasikia mwendo wangu unapungua.
Binti yangu mdogo hufumbua jicho moja,
akanitazama.