Daftari la Kutwa

Nimepewa ufunguo nihamishe madaftari
kabla masika hayajaingia.
Bati la nyuma limetoboka tena,
na mchwa, wanafunzi wasiolipa ada,
wamekwisha kuusoma mwaka wa kwanza
mpaka jalada.

Hapa Wete, palikuwa ghala la karafuu.
Kabla ya ubao palikuwa na mizani,
kabla yetu, magunia.
Bi Thuwaiba alilikodi kwa kiinua mgongo chake,
mafundi wakapaka chokaa mara tatu,
harufu ikagoma kutoka.
Hata leo mvua ikinyesha sakafu hunukia
na mtoto mgeni huuliza:
nani anakunywa chai?

SHULE YA KUTWA, kibao kilisema.
Watu wa sokoni wakacheka.
Kutwa tu? Na kucha je?
Akawajibu huku anapima kamba ya kengele:
Kucha ni ya mama zao.

Kengele yenyewe ilikuwa jiwe la mizani,
ratili hamsini na sita, limetundikwa mlangoni.
Likigongwa, jino liliuma.

Alikuwa na picha, ameikata kwenye kalenda:
skuli ya Uingereza, majani yamenyolewa,
wavulana wamefunga tai kama mahakimu.
Majani yalikataa kuota, tukabaki na mchanga
na kuku wa Bi Riziki
aliyetaga chini ya meza ya hesabu.
Tai zilipatikana.
Fundi Faki wa Mtemani alizishona
kwa kitambaa cha miavuli mibovu.
Zikinyeshewa hazikulowa hata tone;
zililowa shingo.

Nasoma safu ya ada, kwa mwandiko wake mdogo:
Hamad Shaame, nusu.
Mkasha Kombo, ndizi, mikungu miwili, imepokelewa.
Time Makame, baba yu Mombasa, asubiriwe.
Asubiriwe.
Asubiriwe.
Miaka minne neno hilo limesimama mlangoni,
halafu pana mstari mwekundu
na neno jengine: Basi.
Sijui kama ni basi ya hasira
au basi ya kumwambia mtu keti, mwanangu.
Time alimaliza darasa la saba, hilo nalijua.
Nilikaa nyuma yake. Alikuwa na chawa na akili.

Msimu wa kuchuma, kurasa ni nyeupe.
Wiki nzima vijistari vitano, sita,
watoto wa makarani na mtoto wa daktari.
Wengine tulikuwa mikarafuuni tunachambua vikonyo,
tukarudi vidole vyeusi,
na mwalimu wa Kiingereza akatuambia tuoshe
ndipo tushike kitabu cha theluji.

Na hapa, Juni, tarehe kumi na tatu,
jina la Asaa Mbwana limewekwa alama ya kuwepo
kwa wino tofauti na wenziwe.

Hiyo naijua.
Asaa alijificha nyuma ya kabati jioni ile;
kwao Jadida taa ilikuwa moja na wagonjwa wawili.
Bi Thuwaiba alirudia miwani yake, akamkuta
anafanya sehemu gizani, kwa kupapasa,
daftari limemgusa pua.
Hakusema hapa hapalali mtu,
ingawa ndiyo iliyokuwa kauli yake.
Aliwasha karabai, akavuta kiti,
wakamaliza zote ishirini; mbili alikosa.
Kisha akamsindikiza kwao, karabai mkononi,
akaiacha huko.

Asubuhi Asaa alilala. Hakuja.
Na yeye, asiyewahi kumsamehe mtu dakika,
akamwandika: yupo.

Mkuu mpya anataka yote haya yaingie kompyuta.
Sawa. Nitaingiza.
Nitaandika ndizi zilipokuwa ndizi.
Ila sijajua Asaa nimwekeeje siku ile,
kompyuta inataka saa aliyofika.

Jua linatua. Wa mwisho wametoka,
tai zimetiwa mfukoni kabla ya kona ya chuo.
Nafunga mlango; jiwe la mizani linanigonga bega,
kama kila siku,
na mimi, kama kila siku, naliomba radhi.