Mfongo Unaopanda

Darasa la pili, nyuma ya soko la Kiboriloni,
watoto sitini na mmoja, chaki tatu.
Nimechora mtu ubaoni: kichwa kama fenesi,
mstari mnene ukishuka mgongoni.

"Huu," nasema, "ni mfongo. Mnaujua mfongo.
Unatoka juu msituni, unagawanyika kwa kina Shayo,
unagawanyika tena kwa kina Kimaro,
hadi kila mgomba upate maji yake.
Ubongo ndio chemchemi.
Mishipa ya fahamu ndiyo vijifereji."

Mfano ulinipendeza mwenyewe.
Niliupata juzi, nikimenya ndizi za mtori.

Aikaeli kanyoosha kidole, ana makamasi na swali:
"Mwalimu, maji hayapandi mlima.
Nikikanyaga mwiba, mguu unauambiaje ubongo?"

Nje, mashine ya kusaga inanguruma.
Nafuta mfongo kwa kiganja.

"Simameni."

Mstari kutoka mlangoni hadi dirisha la upande wa Kibo
(leo hayupo, wingu limemla mpaka kiunoni),
mkono kwa mkono.
Aikaeli ni kidole gumba cha mguu.
Ndekirwa, kule mwisho, ni ubongo;
nimemvika sufuria ya uji.
"Ukibanwa, mbane jirani. Usiseme neno."

Nambana Aikaeli.
Ubano unaondoka, unacheka,
unakwama kwa mmoja anayejikuna shingo,
unasukumwa, unakimbia,
na sufuria inaruka: "Mwiba!"
Kisha unarudi ulikotoka, mkono kwa mkono,
na Aikaeli ananyanyua mguu, ndala yake
inatua mezani pangu juu ya madaftari.

"Mwilini ni haraka kuliko hivi," nasema.
"Mguu umeshanyanyuka, wewe bado hujasema yalaa."

Wanataka tena. Na tena.
Mara ya tano Ndekirwa anavua sufuria.

"Mwalimu, bibi yangu, mkono wa kushoto,
nikiubana hajui.
Kwenye mstari wake nani ameachia mkono?"

Miaka miwili chuoni Marangu,
na swali hili halikuwa na ukurasa.

"Mkono hauna kosa," nikasema. "Wa huku chini wote wameshikana.
Ni wa kule juu, kichwani, baadhi wameanguka.
Ila waliosimama huweza kufundishwa kazi ya wenzao,
polepole, kama wewe na herufi *gh*."

Wapo wasiofundishika. Hilo nililimeza.

"Kwa kubanwa?"
"Kwa kubanwa, kwa kukandwa, kwa kusemeshwa. Kila siku."

Wiki tatu zikapita. Tukaingia kwenye meno,
kisha minyoo, kisha kunawa mikono.

Leo, kwenye foleni ya uji, ananivuta sketi:
"Mwalimu, jana bibi kanifukuza.
Kasema nina kucha ndefu, zinamuumiza."

"Mkono upi?" nikauliza. "Ndekirwa! Mkono upi?"

Alikuwa ameshafika mbele, kikombe juu,
akigombana na mtu kuhusu sukari.