Akiba ya Mshono

Fomu imebaki mstari mmoja.
Ndugu wa karibu, kisha nukta, nukta, nukta,
kama sisimizi walionusa sukari.
Kalamu imefungwa uzi mezani isiibwe.
Umri nimeshajaza. Kilo nimejaza,
namba niliyoipima usiku kwenye duka la dawa Tabata,
mwenye duka akiwa amegeuka kutafuta chenji.

Nimwandike nani?

Mama yuko Mbagala. Anauonyesha mwili wangu kwa wageni
kama hati ya kiwanja: mwanangu hajapata shida, mtazameni.
Nimwambie nakwenda kukatwa mfuko wa chakula
ubaki saizi ya ndizi moja?
Atauliza ni chakula chake kipi kilichonikosea.

Shukuru nimemwambia ni ngiri.
Yuko Tunduma na lori, foleni siku ya nne,
mtandao unakatika katikati ya neno.
Kasema pole. Kasema hata babu yake alikuwa nayo.
Basi uongo umeingia nyumbani, umevua viatu, umekaa.

Wenzangu wa kikoba wanajua naezeka.
Pesa ni yao, milioni tatu na riba juu,
na kila Jumamosi Mwajabu ananiuliza
bati la msauzi, shoga, au la kawaida?

Naujua mji huu.
Ukinenepa, mume anakutunza.
Ukipungua, watakuhesabia vidonge usivyomeza.
Watanong'ona msibani, kwenye masufuria:
mmemwona? Kwisha habari yake.
Kisha wanipakulie ubwabwa kilima, wasimame nile.
Labda ukweli ungekuwa nafuu. Labda.
Lakini ukweli nao wana jina lake:
mdomo umemshinda, kaenda kulipia kisu.

Sikudhani, mdogo wangu, anatunza siri
kama tenga linavyotunza maji.
Nampenda sana. Hapana.

Wiki iliyopita nilipeleka sare ya harusi Kariakoo,
Mtaa wa Mchikichi, kwa Mgaya.
Mafundi wengine wanakupima huku wanapiga kelele,
kiuno hamsini na mbili, andika!
na wateja wote wanageuka kukitafuta hicho kiuno.
Mgaya anaandika kwenye kiganja chake, anafumba ngumi.
Mwaka wa kumi na tisa huu. Hajawahi kunitamkia namba.

"Nikuachie akiba, kama kawaida?"
pini mdomoni, maneno yakipita pembeni.
Akiba, kile kitambaa kinachokunjwa ndani ya mshono
kuusubiri mwili wa mwakani.
"Safari hii usiache."

Akazitoa pini moja moja,
akazichoma kwenye mkono wa shati lake.
Hakuuliza. Nadhani ndiyo maana nilikaa
kwenye stuli ya mwanafunzi wake nikasema yote,
matundu matano, tarehe, bati lisilokuwepo,
magoti yanayolia ngazi ya tatu,
na kwamba naogopa kulala usingizi wa kuletewa.
Nje kipaza sauti kinauza soksi, jero, jero, jero,
hata mimi nilijisikia nusu.

Hakusema hongera.
Hakusema Mungu ndivyo alivyokuumba.
Alikunja futi kamba, akaikunjua, akauliza:
"Nikupime tena baada ya miezi mingapi?"

Naandika: Mgaya Lutambi.
Simu yake naijua kwa kichwa.
Pa kujaza uhusiano, wino unagoma, natikisa kalamu.
Fundi.

Muuguzi anasoma, ananitazama juu ya miwani.
"Dada, hapa tunataka ndugu."
Najua, namwambia.

Mama nitamwambia siku ya Idi,
sahani ikiwa mbele yetu,
nikishashindwa kuimaliza.