Mosi Januari

Kila mwaka mpya, saa kumi na mbili alfajiri,
Ziwani ikiwa bado inanuka fataki za jana,
nashusha kiti hadi barazani, nafungua daftari
na kuwasomea njiwa majina.

Wote wamezaliwa leo. Ndivyo vitabu visemavyo.

Wachanga Gathirimu wa mgomo wa reli,
aliyepanda juu ya pipa la grisi pale Makongeni
akasema maneno saba, treni zikalala siku tisa.
Mosi Januari.

Zaituni binti Feruzi, koo la Pumwani,
hakufungua kinywa arusini
mpaka aambiwe wapishi wameshiba.
Mosi Januari.

Mulandi Kasyoka na gitaa lake la nyuzi tano.
Wa sita aliuuza, mwanawe akapata viatu,
na tangu hapo akashikilia kwamba
uzi ule haukuwa na kazi.
Mosi Januari.

Na Obadia Shitemi, mchekeshaji wetu wa redio,
aliyeiga kikohozi cha diwani
hadi diwani akaogopa kukohoa hadharani.
Naye pia.

Ujanani nilijiuliza: ni nyota gani hii?
Ni siku gani yenye tumbo pana hivi?

Miaka thelathini nilipanga mafaili
chumba cha chini, barabara ya Harambee,
vumbi likanifundisha polepole.
Hapakuwa na nyota. Palikuwa na karani.

Karani, foleni ndefu, kalamu inayovuja.
Ulizaliwa lini?
*Nzige walipotua mara ya pili.*
Lini?
*Baba alikuwa ameuza fahali mwekundu.*
Wewe je?
*Usiku ule mwezi ulipoliwa, tukapiga masufuria.*
Akatazama saa, tumbo likamnguruma.
Fomu haikuwa na nafasi ya nzige
wala ya mwezi.
Mosi Januari. Mhuri. Haya, mwingine!

Faili lake mwenyewe nililitafuta, nikalipata.
Penye tarehe ya kuzaliwa pana doa la wino.

Mama yangu, Bosibori, alifagia soko la Burma
miaka ishirini na miwili. Hakuna aliyemwandika popote
ila karani yule yule, siku ile ile.
Alizaliwa wakati wa kupalilia wimbi, alijua hilo tu,
na wimbi halipaliliwi Januari.
Nilipomsomea orodha, nani na nani wako naye,
alicheka mpaka kitenge kikamfunguka.
"Zaituni? Yule Zaituni?
Nilifagia maganda chini ya miguu yake!
Basi keki yake ni yangu pia."

Kwa hiyo nakata mkate wa mayai vipande vitano,
si sawasawa, kisu changu ni butu.
Mtoto wa jirani anakuja na mswaki mdomoni:
leo ni sikukuu ya nani?
Nataka kumwambia, nashindwa nianzie wapi.
Nampa cha Mulandi.
Cha mama, kikubwa, nimekifunika na sahani.