Pini Moja Upande

Webuye, saa tatu usiku, mvua imeacha kupiga bati.
Kompyuta ya ushirika wa miwa imegoma tena:
kioo cheusi, herufi nyeupe,
diski ya kuwashia haionekani.
Nikaizima. Nikaiwasha. Ikanijibu vilevile,
kama mdeni aliyekwishakariri udhuru wake.

Nikafungua kasha: vumbi, ganda la mende,
diski kuukuu yenye Windows tisini na nane
na mpya niliyoifunga Jumanne, waya bapa mmoja.
Nikamulika kwa simu nyuma yake,
kumbe zote mbili nimezitawaza bwana!
Mafahali wawili, zizi moja, na mchungaji ni mimi.

Kishikizo chenyewe ni punje ya mtama.
Nikaking'oa kwa kibano cha nyusi cha Nasambu,
nikakisogeza pini moja upande.
Diski mpya ikakubali kuwa ya pili.
Mlio mmoja mfupi. Yale mawingu ya buluu.
Kisha majina ya wakulima, tani, madeni,
hata lile la marehemu baba.

Mlangoni kuna kibao: Wafubwa na Ndugu, Mafundi.
Sitati hajakanyaga hapa tangu matanga.
Nambari yake naijua kwa moyo.
Kibano bado kimo mkononi.