Kifungo cha Tano

Koti langu jekundu huonekana tangu ng'ambo ya barabara,
ndiyo kazi yake.
Nasimama kwenye kona ya Myeongdong, ramani mkononi,
na dunia nzima inaniuliza swali moja kwa lafudhi mia:
tununue wapi?

Nami nanyoosha kidole.
Krimu ya ute wa konokono, kushoto, milango sita mfululizo;
ingia wa tatu, kwa wa kwanza watakupaka kabla hujasalimia.
Miwani, chini ya ngazi, nusu saa iko tayari.
Mwani wa kukaanga, yule mama mwenye aproni ya maua:
kuonja bure, ila ukionja mara tatu atakuhesabia.
Soksi zenye sura za paka, popote utakapojikwaa.
Mkoba wa bei ya shamba? Duka kuu, lifti ya dhahabu,
na huko usiulize bei. Bei itakuuliza wewe.

Miaka sita nimeyasema haya kwa lugha nne.
Hata usingizini kidole hakilali.
"Deok-su, chumvi umeiweka wapi?" Sun-im aliniuliza usiku,
nikamjibu, macho yamefumba:
"Ghorofa ya pili, mama, karibu na ngazi za umeme."

Jumanne moja, baridi ya kukata masikio,
akaja mwanamke asiye na mfuko hata mmoja.
Saa kumi na mbili jioni, Myeongdong, mikono mitupu:
ni kama mtu aliyetoka mvuani mkavu.
Akafumbua kiganja. Kifungo,
cha kahawia, kimepasuka, matundu manne,
ukingoni kimechongwa jani.
"Namtafuta ndugu yake," alisema,
kwa Kikorea cha kiwandani, chenye maneno
ambayo wageni hawafundishwi: haraka haraka, zamu ya usiku, bosi.
Alirithi kwa baba.

Dilorom, wa Tashkenti.
Baba yake alishona makoti katika mji huu miaka minane,
chumba cha chini ya ardhi, cherehani kumi na mbili,
dirisha moja la kutazamia viatu vya wapita njia.
Lifti ya dhahabu hakuipanda.
Alirudi kwao na koti moja, kajishonea kwa vitambaa vya mabaki,
vifungo vitano.
Sasa vinne.

Ramani yangu haina vifungo.
Ina milango ya vioo, ina nyota, ina kuponi ya asilimia kumi.
Nikalivua koti jekundu, nikaligeuza bitana ije nje,
maana mpaka wangu wa kazi ni pale penye benki,
tukatembea hadi Dongdaemun.

Ghorofa ya tano. Huko zipu huuzwa kwa kilo,
na wapagazi hupita na marobota mgongoni, "Mzigo! Mzigo!"
Bi Bok-sim alikuwa anakula tambi.
Kifungo hakukitazama. Alikipapasa kwa gumba,
akafuta mchuzi mdomoni,
akavuta droo iliyo chini ya ile uliyodhani ni ya mwisho.
"Mtindo huu ulikufa zamani. Nani kashona?"

Dilorom akageuza upindo wa koti alilovaa,
pana mno mabegani.
Bi Bok-sim akasoma mishono ya ndani,
pale ambapo mnunuzi hatazami.
"Fundi huyu," akasema. "Tena wa mkono wa kushoto."
"Wa kushoto," alisema Dilorom,
na ilimbidi aangalie zipu kwa muda.

Won mia tatu.
Akatoa elfu kumi, akasihi ibaki.
Bi Bok-sim akahesabu chenji yote hadi sarafu ya mwisho:
"Biashara ni biashara."
Kisha akachukua sindano, akakishona palepale,
bila kuuliza, tambi zikipoa.

Nilirudi kwenye kona yangu nimechelewa.
Fomu ya ripoti ina visanduku vitatu.
Wageni: mmoja. Swali: manunuzi. Alielekezwa:
hapo kalamu ikagoma.

Familia ilikuwa inanisubiri, masanduku mapya,
magurudumu bado yamevaa plastiki.
"Tununue wapi?"
Nikainua kidole,
nikakishusha.
"Mnamnunulia nani?"