Dakika Sita

Tukuyu, mwezi wa nne. Mvua haimwulizi mtu.
Ukumbi wa hospitali una ndoo mbili, nyekundu na ya bluu,
kati yake mita ishirini zilizopimwa kwa kamba.
Gwamaka, kijana wa mazoezi, ameshika saa:
"Mama Subilaga, tembea mpaka niseme basi.
Ukichoka simama. Kusimama si kosa."

Nikatembea.
Ndoo nyekundu. Ndoo ya bluu.
Pumzi ikawa mbuzi aliyekata kamba,
namwona mkia tu, anaishia migombani.
Nikashika ukuta. Ulikuwa baridi, ukanivumilia.
Mita mia moja na arobaini.
Mimi niliyepandisha viazi
kutoka bondeni hadi barabara ya lami,
mtoto mgongoni, mwingine tumboni,
leo napimwa kwa ndoo.

"Ulivuta sigara?"
Sikuvuta. Nilipika.
Miaka arobaini na moja nilipika kimpumu
cha harusi za watu na matanga ya watu,
mafiga matatu, dirisha dogo kama sahani,
kuni mbichi, maana kavu zina bei.
Moshi uliutafuta mlango, ukanikuta mimi.

Dawa ya mama nilikuja nayo, chupani, chini ya kitenge:
tangawizi iliyopondwa na ganda lake,
mchaichai,
na jani moja la kando ya mto
ambalo mama hakulitaja kwa sauti hata siku moja.
Gwamaka akaiona. Nikangoja kugombezwa.
Akafungua kizibo, akanusa, akapiga chafya.
"Tuandike vilivyomo, daktari aone,
isije ikagombana na vidonge.
Na pampu usiiache."
Kisha, akiandika bado:
"Unachemshia wapi?"

Hapo nikanyamaza.
Swali dogo, likaingia mpaka kwenye masizi.
Dawa ya kifua changu
naichemshia palepale kifua kilipoungulia.
Nainamia figa, napuliza, nalia machozi ya kuni,
ili ninywe kikombe kimoja cha kupumua.

Sasa mafiga yako nje, chini ya bati na nguzo nne.
Maharage yapige kelele hukohuko.
Anyosisye ameniletea jiko la gesi la dawa na chai;
naliwasha nimegeuza uso, kama nalisha mbwa wa jirani.

Asubuhi nainua chupa mbili za mafuta zilizojaa mchanga.
Nakaa kigodani, nasimama bila kushika.
"Vuta kwa pua, toa kwa midomo polepole,
kama unapooza uji."
Kupooza uji! Nimepooza uji wa watoto saba,
kumbe nilikuwa nafanya mazoezi.

Majirani wanauliza kilichoniponya, jani au ndoo?
Sijapona. Daktari alisema bila kuzunguka:
pafu lililokwenda halirudi,
lililobaki lifundishwe kazi.
Chai ya mama inalegeza koo, usiku nalala.
Miguu ndiyo inayonifikisha chooni bila kuita mtu.
Sijui kuvigawa, wala sijaombwa kuvigawa.

Juzi ukumbini: mia mbili na kumi.
Gwamaka aliandika kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu.

Nyumbani sina ndoo za kuchezea.
Nina mgomba uliopasuliwa na upepo,
na mparachichi kule mpakani kwa kina Mwakalobo.
Jana nilikwenda mpaka mparachichi
sikushika kitu njiani.
Nilipofika nikaushika,
kwa kupenda tu.